Kibao Kilichotoka Gerezani

Tarehe 2 Oktoba 1945, Rais Harry Truman wa Marekani alitumiwa kibao cha kuweka mezani. Kilikuwa kidogo tu, urefu inchi 13 na kimo inchi mbili na nusu, kimesimama juu ya kitako cha mbao. Upande mmoja kiliandikwa maneno manne: "The buck stops here." Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema mpira unaishia hapa, hakuna wa kurushiwa tena.

Kinachonichekesha ni mahali kilikotengenezwa: gerezani. Fred Canfil, ofisa wa shirikisho huko Missouri na rafiki wa Truman, alilitembelea gereza la El Reno, Oklahoma, akakuta kibao cha namna hiyo. Akamuuliza mkuu wa gereza kama kingeweza kutengenezwa kingine, cha rais. Basi Truman, anayehesabiwa na wengi kuwa ndiye mwenye msemo, aliupokea ukiwa umeshaiva.

Asili yake iko mbali zaidi, kwenye meza ya kamari. Buck ni dume la kulungu. Inaelezwa kwamba wacheza poka wa Marekani wa karne ya 19 walikuwa wakiweka kisu chenye mpini wa pembe ya kulungu mbele ya yule ambaye zamu yake ya kugawa karata imefika. Kugawa hakukuwa raha. Penye fedha mezani, anayezishika karata ndiye wa kwanza kutupiwa jicho. Asiyetaka zamu hiyo alikisogeza kisu kwa jirani yake, na jirani naye kwa wa pili. Wamarekani wakapata neno la kumwelezea kila anayekwepa jukumu: anapitisha buck. Kibao cha El Reno kiliugeuza msemo huo juu chini.

Truman hakuhitaji kufafanuliwa, maana poka aliipenda mno. Agosti 1945 aliicheza hata ndani ya Augusta, meli ya kivita iliyokuwa ikimrudisha nyumbani kutoka mkutano wa Potsdam, na ni katika meli hiyo hiyo alikopata habari kwamba Hiroshima imepigwa kwa bomu la atomiki. Wanaosimulia kana kwamba kibao kilikuwa mbele yake alipoidhinisha bomu wanakosea. Kilifika karibu miezi miwili baadaye.

Tabia yenyewe ya kutokwepa jukumu ilikuwepo kabla ya kibao. Mwaka 1922 duka la nguo za kiume alilofungua na mwenzake mjini Kansas City lilifilisika. Mwenzake, Eddie Jacobson, baadaye aliomba mahakama imtangaze muflisi. Truman alikataa njia hiyo, akayalipa madeni kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Ikulu mambo yakawa mazito. Aprili 1951 alimfukuza kazi Jenerali Douglas MacArthur, shujaa wa vita, nchi nzima ikawaka. Februari 1952, kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba ni asilimia 22 tu ya Wamarekani walioridhika na kazi yake. Desemba mwaka huo, akizungumza katika chuo cha kijeshi, alikitaja kibao hicho na kuwapiga kijembe wale wanaojua kocha alipaswa kufanya nini baada ya mechi kwisha. Kila kijiwe kinao. Katika hotuba yake ya kuaga, Januari 1953, alirudia kwamba rais, awe nani, hana wa kumsukumia uamuzi.

Leo kibao kiko katika maktaba ya Truman mjini Independence, Missouri. Wageni wengi hawajui kwamba kina maandishi upande wa pili pia. Kilipowaelekezea wageni maneno yale manne, aliyekaa kitini alisoma upande huu: "I'm from Missouri", mimi ni mtu wa Missouri. Watu wa jimbo hilo wanasifika kwa kutoamini neno mpaka waonyeshwe.