Shaba, Chumvi na Maporomoko: Urithi wa Jiolojia na Maendeleo ya Vijiji vya Mwambao wa Ziwa Mweru

Makala haya yanatetea hoja moja: mpango wa kuutumia urithi wa jiolojia kuinua vijiji vya Nchelenge, Kafutuma ikiwemo, hauna budi kuanza na swali la kihistoria, yaani nani amekuwa akinufaika na mali ya ardhi.

Ziwa Mweru limelala katika bonde la ufa. Mto Luapula huingia humo na kutoka kwa jina la Luvua. Magharibi kuna miamba ya shaba ya Katanga. Mashariki, ardhi ya chumvi ya Mweru wa Ntipa. Baina ya hazina hizo, dola ya Walunda ya Mwata Kazembe ilistawi katika karne ya 18. Nguvu yake haikutokana na uchimbaji pekee, bali pia na mamlaka juu ya njia. Pedro João Baptista na Amaro José, waliotoka Angola na kufika Tete mwaka 1811, walizuiliwa kwake miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kupita.

Mamlaka hayo yalivunjwa na ukoloni. Mpaka uliowekwa mwaka 1894 uliifuata Luapula na kuiacha shaba upande wa Kongo. Wakazi wa mwambao wakawa vibarua wa migodi ya Katanga na wauzaji wa samaki kwa miji yake: jirani wa utajiri, si wenyewe.

Leo urithi unaotazamiwa ni maporomoko ya Lumangwe na Kabwelume katika mto Kalungwishi, na Ntumbachushi karibu na Kawambwa. Kalungwishi imo pia katika mipango ya umeme. Utalii ungeweza kuziba pengo la kipato wakati uvuvi unapofungwa, Desemba hadi Februari, iwapo barabara zitapitika masika.

Hata hivyo, hadhi ya kimataifa haitoshi. Ngorongoro-Lengai ilitambuliwa na UNESCO kuwa jiopaki mwaka 2018. Miaka minne baadaye, kuhamishwa kwa wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera kulizua mgogoro mkubwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, kabla ya kuomba hadhi yoyote, haki ya vijiji juu ya ardhi na mgawo wao wa viingilio viandikwe kisheria, na machifu washirikishwe katika uamuzi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya Mweru inaonyesha kwamba mwenyeji hupona pale tu anapoishika njia.