Mzigo Unakaa Wapi?

Begi langu la kwanza la kupanda mlima nililipata Gikomba. Zipu nzima, mifuko kibao, bei poa. Nililivaa likiwa tupu, nikajiona niko sawa. Siku ya pili kwenye njia ya Sirimon, Mlima Kenya, mabega yaliwaka moto, vidole vikafa ganzi. Mpagazi mmoja alilichukua bila neno, akaliweka juu ya mzigo wake. Nikamfuata nyuma mikono mitupu, aibu imenijaa.

Niliporudi nilimsimulia shosh. Alicheka, kisha akajigusa kipaji cha uso. Pale pana kibonde, alama ya mukwa, ule mkanda wa ngozi aliobebea kuni tangu usichana. Nikiwa mdogo niliionea haya alama hiyo mbele ya marafiki.

"Nyinyi mnapima begi kwa macho," akaniambia. "Mzigo unapimwa na mwili."

Sayansi ilichelewa kumfikia. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake Wakikuyu na Waluo: waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea bila kitu. Kule California, Dick Kelty alianza kuuza mabegi yenye fremu ya alumini mwaka 1952, mkewe Nena akiyashona. Mkanda wa kiunoni ulihamisha uzito kutoka mabegani hadi nyongani.

Lakini hapa kwetu, kubeba hakukuwa burudani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikusanya wachukuzi, wengi kwa lazima, kwenye Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Jina la kikosi likageuka Kariokor, mahali tunaposhuka matatu kula nyama choma bila kuwaza.

Siku hizi nikichagua begi, napima mgongo kwanza, kutoka mfupa wa shingo hadi juu ya nyonga. Natia kilo kumi ndani, nakaza mkanda wa kiunoni, ndipo nakaza wa mabega. Natembea dukani robo saa, muuzaji akasirike akitaka.

Na mlimani, kabla hatujaanza safari, namuuliza mpagazi: lako lina kilo ngapi?