Beni, Ngoma Waliyorudi Nayo Askari

Tunapozungumza juu ya vita hapa Kasenyi, huhesabu waliokufa, nyumba zilizoungua, na mitumbwi iliyowavusha ndugu zetu ziwani hadi Uganda. Ni nadra kuuliza vita viliacha nyimbo gani vinywani mwa waliopigana. Swali hilo lina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, na sehemu yake kubwa inaitwa beni.

Neno lenyewe ni lile lile “bendi” la Kiingereza. Ngoma hiyo ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliwatazama askari na wanamaji wa kigeni wakipiga tarumbeta na kutembea kwa safu, wakauchukua mwendo ule na kuufanya mchezo wao. Kila chama kilikuwa na sare, na viongozi wenye vyeo vya kijeshi. Kila chama kilikuwa pia na hasimu wake: Tanganyika, mahasimu mashuhuri walikuwa Marini na Arinoti.

Vita vya 1914–1918 ndivyo vilivyoitoa beni pwani na kuisambaza bara. Iliwafuata askari wa Wajerumani na wa Waingereza. Iliwafuata pia wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na uchovu bila kufyatua risasi hata moja. Wakongo wa Force Publique nao walikuwa katika nchi hiyo hiyo. Waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Silaha ziliporudishwa, ngoma haikurudishwa. Nyasaland ilizaa malipenga na mganda. Katika migodi ya shaba, Katanga ikiwamo, vyama vya beni vikawa kimbilio la wafanyakazi waliokuwa mbali na kwao.

Tufikiri: mtu aliyekemewa na sajenti kwa miaka minne, leo anapiga hatua zile zile kwa hiari yake, mbele ya mama zake na dada zake, nao wanampigia vigelegele. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Beni ilifua kitu kidogo zaidi, amri ya kijeshi, lakini iliifua kweli.

Hatusemi ilikuwa ngoma ya malaika. Vyama vilitukanana kwa nyimbo, vikashindana kwa karamu hadi kuingia madeni, na wamisionari wengi waliitilia mashaka; hawakukosea kabisa. Hata hivyo, wanachama hao hao walizuru wagonjwa, wakazika wenzao, wakampokea mgeni asiye na ndugu mjini. Wala sisi Wakatoliki hatuna haki ya kucheka vyeo vyao: Legio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, ilichukua majina yake kutoka jeshi la Roma.

Kwetu Ituri, safari ilikwenda kinyume. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wenye umri chini ya miaka 15, katika miaka ya 2002 na 2003. Majaji walisikia jinsi mafunzo yalivyokuwa: kutembea kwa safu, kupiga saluti, kushika bunduki, na kuimba nyimbo za ukali. Huko beni mwendo wa jeshi uligeuzwa wimbo; huku wimbo wa mtoto uligeuzwa silaha. Na kila anayeshuka kutoka Bunia kuja ziwani hupita Bogoro, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003.

Watoto wale sasa wamepita miaka thelathini. Wengine huvua samaki, wengine huendesha pikipiki, wengine husimama kwaya moja nanyi. Nyimbo za kambini bado wanazijua, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza. Sikukuu ya parokia inapokaribia, nanyi mkitafuta wapiga ngoma, mtawakuta miongoni mwa hao. Na watakapoanza kupiga, mtausikia mwendo wa safu ndani ya mapigo yao.