Makaburi ya Chapwani

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, watu wa Mji Mkongwe, Unguja, waliamshwa na mizinga ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Manowari ya Uingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga bandarini ikitengenezwa mashine zake. Königsberg ya Wajerumani, iliyotokea kwenye maficho yake ya Rufiji, ikaanza kuipiga kutoka mbali, na kila Pegasus ilipojibu, risasi zake ziliishia majini. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Mchana wake meli ikazama, mji mzima ukitazama.

Wengi wa waliokufa wakazikwa Chapwani, kisiwa chembamba kinachoonekana kutoka pwani ya mjini, ambako Waingereza walikuwa wakizika watu wao wa baharini tangu 1879. Ukishuka kwenye mashua unakuta mchanga, kisha vichaka, kisha mawe yenye majina.

Majina hayo yana ndugu zao mbali. Mwaka 1915 Waingereza walipiga marufuku maiti za vita kurudishwa kwao. Mama wa kijijini akabaki hana kaburi la kuzuru. Ndiyo maana baada ya 1918 karibu kila kijiji cha Uingereza kilisimamisha msalaba au jiwe, mara nyingi kwenye uwanja wa kanisa, likachongwa majina ya vijana wake. Sisi tunaosomea hitma waliofia ugenini hatuhitaji kuelezwa maana ya jiwe lile. Kwa aliyefiwa, jina ndilo kaburi.

Lakini Unguja nayo ilitoa watu. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikusanya kikosi cha wapagazi akaenda nacho bara mwenyewe, akitembea nao kwa miguu. Walibeba vichwani risasi na chakula cha jeshi. Afrika Mashariki nzima wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi si risasi bali kuhara damu, malaria na njaa. Wengi walifukiwa kando ya njia, msafara ukaendelea. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inawakumbuka wote kwa pamoja. Jina la mtu halimo hata moja.

Hilo halikuwa sahau ya karani. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kila mmoja wao alipewa jina na mzazi wake, na jina hilo lilistahili kuchongwa kama la baharia wa Pegasus.

Kilichobaki ni jina la kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, lililogeuka ndimini mwa watu likawa Kariakoo. Dar es Salaam ni soko. Unguja ni pale tunapowapeleka watoto kubembea siku za Idi.