Uraia wa dunia ni nini, na unamsaidiaje mtu asiye na hata kitambulisho?

Jumapili ya Mei 12, 2024, watu wengi Tanzania, Kenya na nchi jirani walishika simu zao na kukuta intaneti inasuasua au imekata kabisa. Unazima data, unawasha tena, hakuna kitu. Kumbe bando halikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa chini ya bahari: nyaya mbili kubwa za mawasiliano, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa pwani ya Afrika Kusini.

Waya unakatika huko mbali, na muuza nguo wa mtandaoni pale Kariakoo anashindwa kumjibu mteja wake. Hiyo ndiyo dunia iliyounganishwa.

Katika dunia hii, maneno "raia wa dunia" yamekuwa ya kawaida. Utayakuta kwenye wasifu wa watu Instagram, kwenye fomu za ufadhili wa masomo na kwenye hotuba za viongozi. Lakini yana maana gani hasa? Na yanamsaidia nani?

Maana yake kwa kifupi

Raia wa dunia ni mtu anayeona kuwa ana wajibu kwa binadamu wote, siyo kwa watu wa kabila lake, dini yake au nchi yake peke yao. Haachi kuipenda nchi yake. Anachokataa ni kuamini kwamba utu unaishia mpakani.

Wazo hili ni la zamani sana. Mwanafalsafa wa Ugiriki aitwaye Diogenes, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, anasimuliwa kuwa aliulizwa anatoka wapi, akajibu kwamba yeye ni raia wa ulimwengu. Zama zile mtu alitambulika kwa mji wake, kwa hiyo jibu hilo lilikuwa kituko.

Hapa kwetu nalo si geni. Ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika, zilianza kwa kuwatambua binadamu wote kuwa ndugu.

Mwaka 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliingiza elimu ya uraia wa dunia kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu. Iko kwenye shabaha namba 4.7, na inatakiwa iwafikie wanafunzi wote ifikapo mwaka 2030.

Je, kuna pasipoti ya dunia?

Kisheria, uraia wa dunia haupo. Uraia hutolewa na nchi.

Kuna mtu alijaribu kubadili hilo. Garry Davis, Mmarekani, alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na ndugu yake aliuawa katika vita hivyo. Mwaka 1948 alienda ubalozi wa Marekani jijini Paris akaukana uraia wake, akajitangaza kuwa raia wa dunia. Baadaye alianzisha ofisi iliyotoa "pasipoti ya dunia". Alisafiri nayo kwa miaka mingi, lakini pia alizuiwa mipakani na kuwekwa ndani mara nyingi. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado anaamini wazo lake.

Stori ya Davis inaonyesha ukweli mmoja mchungu: mpakani, afisa uhamiaji haulizi unaamini nini. Anauliza una karatasi gani.

Na karatasi hazilingani. Mjerumani anayekuja likizo Zanzibar anaweza kulipia viza akishatua uwanja wa ndege. Mtanzania anayetaka kwenda Ujerumani anaomba viza ya Schengen kabla ya safari, anaonyesha taarifa za benki na mwaliko au hoteli, na analipa euro 90. Akinyimwa, hela hairudi.

Hata uraia wa nchi mbili si wa kila mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata akichukua uraia mwingine. Sheria ya Tanzania kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na huo ni mjadala wa muda mrefu miongoni mwa Watanzania waishio nje.

Kwa hiyo anayejiita raia wa dunia kwa sababu amepanda ndege nyingi anazungumzia zaidi nguvu ya pasipoti yake. Uraia wa dunia wenyewe unaonekana kwenye matendo, na mifano ipo, tena ya karibu.

Mpishi wa Merca

Ugonjwa wa ndui unakadiriwa kuua watu milioni 300 katika karne ya 20 peke yake. Ulimalizwa na kampeni ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Marekani na Urusi ya Kisovieti zilishirikiana ingawa zilikuwa mahasimu wa Vita Baridi.

Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Afrika Mashariki. Aliitwa Ali Maow Maalin, kijana aliyekuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililokuwa na watoto wawili wagonjwa ili kumwelekeza dereva njia. Hakuwa amechanjwa. Baadaye alieleza kuwa aliogopa maumivu ya sindano.

Alipona. Watu waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja na kuchanjwa, na Mei 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imekwisha.

Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea kwenye kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake. Alikuwa akiwasimulia wazazi wenye wasiwasi yaliyompata yeye, ili wakubali watoto wao wachanjwe. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Huyu hakuwa na cheo wala pasipoti ya maana. Lakini alielewa kwamba uamuzi wake mdogo uliwahusu watu ambao hatakutana nao maishani.

Kutoka Nairobi hadi Haiti

Mfano wa pili unahusu simu. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Wakenya kadhaa walitengeneza haraka tovuti iitwayo Ushahidi. Mwananchi alituma taarifa ya tukio kwa meseji au mtandao, na tukio likaonekana kwenye ramani.

Januari 12, 2010 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Haiti. Teknolojia ileile ya Kenya ilitumika kukusanya taarifa za watu waliokwama. Wahaiti walituma meseji kwa namba 4636, Wahaiti walioko nje wakajitolea kuzitafsiri kutoka Krioli, na wanafunzi waliojitolea nchini Marekani wakaziweka kwenye ramani ili waokoaji wazione.

Chombo kilichozaliwa kwa uchungu wa Kenya kikawafaa watu wa visiwa vya Karibiani.

Na asiye raia wa popote?

Hapa ndipo wazo zima linapopimwa. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 15, linasema kila mtu ana haki ya kuwa na uraia. Bado wapo mamilioni ya watu ambao hakuna nchi inayowatambua.

Wamakonde wa Kenya wanaijua hali hiyo. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko pwani. Watoto na wajukuu walizaliwa Kenya, wakaongea Kiswahili, lakini hawakuwa na vitambulisho.

Fikiria maana yake kwa maisha ya leo. Bila kitambulisho husajili laini kwa jina lako. Bila laini yako, hakuna M-Pesa yako. Hupigi kura, hufungui akaunti ya benki, hupati kazi rasmi, na kumiliki ardhi ni ndoto. Dunia imeunganishwa, wewe umeachwa nje.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla Desemba ya mwaka huo kuisha, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Jamii za Washona na Wapemba walioko Kenya nazo zilitambuliwa miaka iliyofuata.

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji kwao na kupewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakazaa, wakazeeka hapo. Baada ya zaidi ya miaka 40, zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Ni nadra sana nchi kuwapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa pamoja.

Kesi zote mbili zina funzo moja. Kwa asiye na nchi, kuambiwa "wewe ni raia wa dunia" hakumsaidii kitu. Kinachomsaidia ni raia wenye nchi kukubali kumhesabu kuwa mwenzao.

Wanaopinga wanasemaje?

Wapo wanaoona uraia wa dunia ni maneno ya kukufanya usahau kwenu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wengine wanauliza: kwa nini nijali ya mbali wakati mtaani kwangu maji hayatoki?

Hoja hiyo ina uzito. Anayechangia wahanga wa nchi ya mbali huku akimtukana mkimbizi jirani yake amepoteza njia. Lakini wahenga haohao walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ugonjwa hauombi viza, na moshi wa viwanda vya mbali unabadilisha mvua za mkulima wa Dodoma.

Unaweza kuanzia wapi?

- Usiforwadi kabla ya kuhakikisha. Uongo kuhusu chanjo au kabila fulani unavuka mipaka kwa sekunde. Ukiishia kwako, umesaidia watu usiowajua.

- Angalia lugha yako kuhusu wageni. Maneno unayoandika kuhusu wakimbizi, je, ungependa yaandikwe kuhusu ndugu yako aliyeko Muscat au Minneapolis?

- Tunza simu yako. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya kutengenezea betri, inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, sehemu kubwa ikiwa maeneo ya Kolwezi ambako watu huongea Kiswahili. Baadhi ya wachimbaji hutumia mikono tu, ndani ya mashimo hatari. Kutengeneza simu badala ya kununua mpya kila mwaka ni hatua ndogo lakini ya kweli.

- Ulizia asiye na karatasi. Kuna mtoto mtaani kwako asiye na cheti cha kuzaliwa? Msaidie mzazi wake kufika ofisi ya usajili. Cheti hicho ndicho kitamfungulia njia ya kitambulisho, laini na kazi.

Hili la mwisho halihitaji pasipoti wala tiketi ya ndege. Linahitaji asubuhi moja na nauli ya daladala.