Zahanati ni ya nani? Historia ya wasimamizi, kutoka Majita

Taja maneno "bodi ya afya" mbele ya vijana wenzangu wa mjini, uone watakavyopiga miayo. Siwalaumu. Bodi ni posho, chai, maandazi na muhtasari wa kikao kilichopita. Lakini ndugu msomaji, vumilia kidogo, kwa sababu nyuma ya neno hilo kuna swali ambalo nchi yetu imelijibu kwa namna tano au sita tofauti katika miaka mia moja. Mtoto wa Bukima anapopungua uzito, nani anatakiwa kujua, na akishajua ana fedha ya kufanya chochote?

Bukima ni kata ya Musoma Vijijini, huko Majita, nchi ya Wajita, Ziwa Victoria likiwa jirani. Chakula chao ni ugali wa muhogo kwa samaki au dagaa. Upande wa pili wa Musoma kuna Butiama, alikozaliwa Mwalimu. Nataja Butiama kwa sababu, kabla hatujamaliza, Mwalimu ataingia kwenye habari hii mara mbili, na mara moja hataingia kama shujaa.

Tuanze na Mwingereza. Katikati ya miaka ya 1920 mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika alikuwa Dk. John Shircore. Hakuwa na madaktari wa kutosha, na fedha hakuwa nazo kabisa. Akabuni mpango wa zahanati ndogo za serikali za wenyeji, zikihudumiwa na vijana waliofundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda, kuchoma sindano na kugawa dawa chache. Watu wakawaita madresa. Mshahara wa dresa ulitoka kwenye hazina ya chifu, yaani kwenye kodi ya watu wenyewe. Mganga wa serikali alipita mara chache kukagua. Kwa hiyo msimamizi wa kila siku wa zahanati alikuwa chifu. Mfumo huo haukuwa wa kidemokrasia hata chembe, chifu mwenyewe alimtegemea bwana DC. Lakini una jambo moja ambalo nitalirudia mpaka unichoke: aliyesimamia zahanati ndiye aliyeshika mkoba.

Huku kwetu Mara wamisionari nao walikuwa wamejenga upande wao. Wasabato walifika Majita tangu zama za Mjerumani, Wamenoni wakaja Shirati mwaka 1934, Wakatoliki wa Maryknoll wakaingia Musoma mwaka 1946. Hospitali ya Shirati tutakutana nayo tena, kwa hiyo iweke akilini.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na zahanati 975 na vituo vya afya vijijini 22. Machifu waliondolewa madarakani muda mfupi baadaye, na zahanati zao zikarithiwa na halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa. Kwa muda mfupi ule mwananchi wa Majita alikuwa na mtu wa kumpigia kura na kumuuliza kwa nini dawa zimekwisha.

Ukafika mwaka 1972. Serikali ilitangaza Madaraka Mikoani, mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina lilikuwa tamu, na maana yake kwa kijijini ilikuwa kinyume chake. Halmashauri za wilaya zilifutwa, za miji zikafuata, na madaraka yakapelekwa mkoani na wilayani kwa watendaji walioteuliwa kutoka juu. Zahanati zikaongezeka haraka kuliko wakati wowote, kufikia 1980 zilikuwa zaidi ya 2,500. Hilo ni jambo kubwa na halipaswi kubezwa. Lakini zilikuwa mali ya serikali iliyokaa mbali. Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Mwaka huohuo halmashauri zilirudi, chini ya sheria zilizopitishwa mwaka 1982. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, na aliyezaliwa 1972 alikuwa ameshamaliza muda wake wote wa kupimwa kliniki bila diwani wa kumuulizia.

Hata hivyo miaka hiyohiyo ya uongozi kutoka juu ndiyo ilitupa kampeni mbili ambazo wazazi wetu wanazikumbuka mpaka leo. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kwa mtindo uleule wa redio na vikundi, wakati nchi ikijinasua kutoka kwenye njaa ya 1973 na 1974. Nazipenda kampeni hizi, na ninaona zimesahaulika isivyo haki. Tatizo lake ni kwamba zilipokwisha hazikuacha mtu kijijini mwenye jukumu la kuuliza kila baada ya miezi mitatu: haya, watoto wana hali gani sasa?

Na hapa ndipo naomba tutulie kidogo, twende Tarime, mwaka 1985.

Mwaka ule katika kijiji cha Nyambori, wilaya ya Tarime kama ilivyokuwa wakati huo, watu walianza kupooza miguu. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole au hatembei kabisa. Walioumia zaidi walikuwa wanawake na watoto. Watafiti waliofika waliwahesabu wagonjwa 39. Katika timu hiyo walikuwemo William Howlett, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Brubaker kutoka hospitali ya Shirati, na Msweden mmoja aitwaye Hans Rosling, ambaye miaka mingi baadaye dunia nzima ilimjua kwa mihadhara yake ya takwimu kwenye intaneti. Ugonjwa unaitwa konzo, neno la Kongo linalomaanisha miguu iliyofungwa. Chanzo chake kilikuwa muhogo.

Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Kila mama wa kanda ya ziwa anajua dawa yake: unaulowesha au unauvundika siku kadhaa, unauanika, ndipo unausaga. Ukame ulipobana na ghala zikakauka, watu hawakuwa na hizo siku kadhaa. Walifupisha kazi ili wale leo. Na mboga nayo ilikuwa imepungua. Mwili huiondoa sumu ile kwa msaada wa viini vya protini vinavyopatikana kwa wingi kwenye vyakula kama samaki na maharage; ugali wa muhogo uliosindikwa haraka bila kitoweo unamwacha mtu bila kinga. Sasa rudi Majita ukaangalie sahani: ugali wa muhogo na dagaa. Wahenga hawakuwa na maabara, lakini sahani ile ina akili.

Nimekaa sana kwenye konzo kwa sababu inatuonyesha mpaka wa macho ya jirani. Mtu akipooza, kijiji kizima kinamwona, na taarifa hufika hospitalini hata bila bodi. Udumavu haufanyi hivyo. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, anaenda kuteka maji. Akiwa amezungukwa na watoto wafupi kama yeye, mama yake hana sababu ya kushtuka. Hauonekani mpaka mtu alete mizani na ubao wa kupimia urefu, aandike namba, kisha namba hiyo isomwe mbele ya watu wenye uwezo wa kuamua jambo.

Hilo lilifanyika Iringa. Kuanzia mwaka 1983 UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walishirikiana na serikali kwenye mradi wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Mambo yake hayakuwa ya ajabu. Kila robo mwaka kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto walipimwa, kadi zikawekwa alama: kijani, kijivu, nyekundu. Halafu, na hili ndilo la maana, kamati ya kijiji ilikaa na namba za kijiji chake kabla hazijapelekwa wilayani. Watoto wangapi wako kwenye nyekundu? Wa nyumba zipi? Kwa nini? Tufanye nini na tulichonacho? Vijiji vingine vilianzisha sehemu za kulishia watoto mchana mama wakiwa shambani. Uji ulilainishwa kwa unga wa kimea ili mtoto ameze chakula kingi kwenye tumbo dogo. (Kimea! Bibi zetu walikijua siku zote, ila sisi tulikikumbuka wakati wa pombe tu.) Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika eneo la mradi ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Wapo wanaosema fedha za Italia ndizo zilizofanya kazi. Zilisaidia, nani atabisha. Lakini mimi naamini kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa hatua: kupima, kujadili, kuamua, kupima tena, na wote wanaohusika kukaa ndani ya kijiji kimoja.

Miaka ya 1990 ikaja na hewa nyingine. Kuanzia 1993 tukaanza kuchangia gharama za matibabu. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Ndipo zikazaliwa Bodi za Huduma za Afya za Halmashauri, na chini yake kamati za vituo vya afya na zahanati. Kwenye karatasi ni jambo zuri mno. Wananchi wa kawaida wanaingia, wanawake wanatengewa nafasi, madiwani hawaruhusiwi kujipenyeza kwenye nafasi za wananchi.

Tatizo lilikuwa kwenye viti viwili. Katibu wa bodi ni mganga mkuu wa wilaya. Katibu wa kamati ya zahanati ni mganga mfawidhi wa zahanati hiyohiyo. Maana yake anayesimamiwa ndiye anayeitisha kikao, ndiye anayeandika ajenda, ndiye anayetunza daftari. Sisemi waganga ni wezi, wengi wao wanafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Nasema tu kwamba mkulima aliyeishia darasa la saba hawezi kumbana mtu ambaye kesho atampelekea mtoto mwenye homa.

La pili, fedha. Kaya zilichangia mfuko, serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa utaratibu wa "tele kwa tele", na fedha zikakaa kwenye akaunti ya halmashauri. Zahanati iliyotaka kununua dawa au kukarabati choo ilibidi iandike maombi, isubiri, ikumbushie, isubiri tena. Kamati ikawa inasimamia kisanduku kisicho na kitu. Watu waliacha kujiunga, na ukiangalia sababu huwezi kuwashangaa.

Mabadiliko ya kweli, kwa maoni yangu, yalikuja mwaka wa fedha 2017/18, wala hayakuandikwa sana magazetini (na sisi waandishi tumo humo). Fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila zahanati na kituo cha afya. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za hazina ya chifu, watu wanaokaa karibu na zahanati walipata mkoba wa kuusimamia.

Lakini lishe ilipita njia nyingine. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe, na Septemba 2022 wakasaini upya mbele ya Rais Samia pale Dodoma, safari hii hadi 2030. Halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yao ya ndani. Udumavu kitaifa ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukafika 34 mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022. Unashuka, ndiyo. Bado ni watoto watatu katika kila kumi, katika nchi ambayo viwanda vya kanda hii ya ziwa vimekuwa vikisafirisha minofu ya sangara kwenda Ulaya.

Ile shilingi 1,000 inapangwa na halmashauri, inatumika kwa mpango wa halmashauri, na utekelezaji wake unaripotiwa kwenda mkoani. Nimeshakaa kwenye zaidi ya kikao kimoja cha madiwani ambamo taarifa ya lishe ilisomwa kwa kasi, watu wakiangalia saa ya chakula cha mchana, na hakuna aliyeuliza ni vijiji vipi. Asilimia ilipanda, asilimia ilishuka, taarifa ikapokelewa.

Mikataba hiyo imeshushwa hadi kwa watendaji wa kata na vijiji, na imerudisha kitu ambacho mzee yeyote wa Iringa angekitambua: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila robo mwaka, mizani ikining'inia chini ya mti. Kamati ya zahanati nayo inatakiwa kukutana angalau mara moja kila robo mwaka, kuangalia fedha zilizoingia kwenye akaunti na kuidhinisha matumizi. Kijiji ni kilekile na robo ni ileile. Sijaona waraka wowote unaotaka mikutano hiyo miwili ifanyike siku moja.