Kaswende, Buba na Ushahidi wa Damu

Ihumwa iko upande wa mashariki wa Dodoma, kando ya reli ya kati na ya barabara iendayo Morogoro. Mjamzito wa huko aendapo kliniki kwa mara ya kwanza hutolewa damu, na miongoni mwa mambo yatafutwayo katika damu hiyo ni dalili ya kaswende. Hutokea mara nyingine kwamba mwanamke asiye na kidonda wala upele, ambaye hajaona mwilini mwake jambo lolote la kumtia shaka, akaambiwa kuwa dalili imeonekana. Lugha yenyewe huongeza uzito wa habari hiyo. Wazee waliuita ugonjwa huu sekeneko, na wengine waliuhusisha na tego, yaani uchawi wa kumnasa mzinifu. Basi mpimaji amesoma alama tu, lakini mwanamke, na hasa mumewe, husikia hukumu. Umbali uliopo kati ya alama na hukumu una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetendeka Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1905, huko Berlin, Schaudinn na Hoffmann waligundua kijidudu cha kaswende. Mwaka huo huo Castellani, ambaye hapo kabla alikuwa Uganda akichunguza ugonjwa wa malale, alikiona kijidudu cha buba katika kisiwa cha Ceylon. Vijidudu hivyo viwili ni ndugu wa karibu mno. Hata chini ya hadubini havitofautiani. Lakini njia zao ni mbali mbali. Kaswende hupita katika tendo la ndoa na katika mimba. Buba hupita kwa kugusana ngozi, aghalabu baina ya watoto wachezao pamoja katika nchi zenye joto na unyevu.

Mwaka 1906 Wassermann na wenzake walitunga kipimo cha damu. Mwili ukishambuliwa na ugonjwa hutengeneza kingamwili, na wataalamu hao walidhani wamepata njia ya kuzitambua zile za kaswende peke yake. Walitumia maji ya ini la kichanga aliyekufa kwa ugonjwa huo. Haukupita muda ikaonekana kwamba maji ya moyo wa ng'ombe mzima yanafaa vile vile! Kumbe kipimo hakikuwa kikimtambua adui mwenyewe. Kilitambua kingamwili zinazoelekea mafuta fulani ya mwilini, ambayo mwaka 1941 yalipewa jina la kadiolipini. Kingamwili hizo huamshwa na kaswende, ndiyo, lakini huweza kuamshwa pia na buba, malaria, ukoma, na mara chache hata na mimba yenyewe.

Jinsi kosa la namna hii lilivyoweza kuligharimu taifa zima huonekana vizuri katika habari za Uganda. Mwaka 1907 Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi la Kiingereza, alipelekwa huko, na mwaka uliofuata alieleza kuwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa wameambukizwa kaswende. Sababu aliyoitaja ilikuwa ya tabia kuliko ya uganga: kwamba Ukristo uliondoa adhabu kali za zamani na kuwapa wanawake uhuru wasiouzoea. Hesabu yake haikusimama juu ya kipimo cha damu, ambacho kilikuwa kichanga bado. Ilisimama juu ya vidonda na makovu yaliyoonekana kwa macho, na juu ya fikira alizokwisha kuwa nazo. Hata hivyo iliaminiwa. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, na hofu hiyo hiyo ilichangia kuanzishwa kwa shule ya wakunga ya Namirembe, kazi ya Albert na Katharine Cook. Wakunga hao walikuwa baraka, ijapokuwa hoja iliyowaleta ilikuwa na ufa.

Ufa huo ulionyeshwa wazi mwaka 1956 na J. N. P. Davies, profesa wa patholojia katika Chuo cha Makerere. Alipopitia upya habari za kale, aliona kwamba ugonjwa ambao Waganda waliuita kabotongo ulikuwapo tangu zamani, na kwamba sehemu kubwa yake ilipatikana utotoni pasipo zinaa yoyote. Wanawake wa nchi nzima walikuwa wameshitakiwa kwa makovu ya utoto wao.

Katika Tanganyika kipimo cha damu kilikuwa na mtego wa aina hiyo hiyo. Katika miaka ya 1920 Idara ya Uganga chini ya Dakta J. O. Shircore ilieneza sindano za bismathi dhidi ya buba, na watu walizipenda upesi kwa kuwa vidonda vilifunga mbele ya macho yao. Nyanda kavu za Ugogo si makao ambayo buba huyapenda. Lakini binti aliyeugua buba katika bonde lenye mvua, kisha akaolewa Ugogo, aliweza kuleta alama yake katika damu, na hakuna kipimo, hata kile bora cha mwaka 1949 kilichotumia vijidudu hai, ambacho kingeweza kusema ilikuwa buba au kaswende. Baadaye ilikuja penisilini, na kampeni ya dunia ya mwaka 1952 hadi 1964 iliipunguza buba mno. Kwa mjamzito wa leo, basi, sababu ya buba ni ya mbali zaidi kuliko ilivyokuwa kwa bibi yake.

Iliyo karibu ni nyingine. Kipimo cha papo kwa papo kitumikacho katika zahanati hutafuta kingamwili za kijidudu chenyewe, na hizo, kwa watu wengi, hudumu maisha yote hata baada ya kupona. Mwanamke aliyetibiwa miaka kumi iliyopita ataonekana vile vile. Kwa hiyo inapowezekana hufanywa pia kipimo cha aina ya zamani, cha kadiolipini, ambacho nguvu yake hushuka baada ya matibabu: damu huzimuliwa mara 2, mara 4, mara 8 na kuendelea, ikaangaliwa inakoma wapi. Ikikoma mapema, yaweza kuwa kumbukumbu tu au kosa. Ikiendelea mbali, ugonjwa huenda u hai.

Kwa nini basi mjamzito hutibiwa bila kungoja uhakika huo? Jibu lilitoka Mwanza, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002. Wanawake wenye kaswende hai ya kiwango kikubwa, ambao hawakupimwa wala kutibiwa, robo yao walizaa watoto wafu. Kwa wasio na ugonjwa ilikuwa mmoja katika mia. Sindano moja ya penisilini, uniti milioni 2.4, iliwarudisha waliotibiwa karibu na hali ya wanawake wazima. Mume naye hutibiwa, na sindano hiyo haimwulizi yeyote ugonjwa ulianzia kwa nani.

Mtoto azaliwapo, damu yake nayo huweza kuonyesha alama hata kama ni mzima, kwa sababu kingamwili za mama huvuka kondo na kuingia kwake. Hupimwa tena na tena miezi inapopita. Zile alizoazimwa na mama hufifia na kutoweka kabla ya mwezi wa 18. Zikibaki, ni zake mwenyewe.